Mwaka Niliosoma Barua za Kijiji

Afande Zuhura alizikwa siku ile ile aliyofariki. Mimi nilipata habari kwa simu nikiwa huku milimani, kwa hiyo nilipofika kwao Pangani walikuwa tayari kwenye hitima. Nilikaa na kina mama kwenye mkeka, nikala pilau, nikawasikiliza wakimsimulia. Walimzungumzia kama dada, kama shangazi, kama mwenzao wa kikundi cha kuzikana. Polisi wastaafu wawili walisema alikuwa mtu wa nidhamu. Milima yetu hakuna aliyeitaja. Nilipokuwa naaga, binti yake, ambaye wakati ule alikuwa mtoto mdogo aliyeachwa kwa bibi yake, alinishika mkono akauliza, "Shangazi, wewe na mama mlifahamiana wapi?" Nikamjibu kwamba tulifanya kazi pamoja Same, mwaka mmoja tu. Akangoja niendelee, sikuendelea. Gari lilikuwa linanisubiri, na jambo lenyewe halisemeki mtu akiwa amesimama mlangoni. Ndiyo sababu nimekaa kuliandika.

Kijiji sitakitaja jina, kwa sababu watu wake bado wanaishi humo na wajukuu wao wanasoma shule ile ile. Kiko juu, upande wa Chome, mahali ambapo ukungu wa msitu wa Shengena unashuka mpaka kwenye migomba na kukaa hapo hadi saa nne asubuhi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa nimekwenda kijijini hapo kujifunza ushonaji kwa mama mmoja mjane, Mama Elia. Miaka ile kahawa ilikuwa haimlipi mtu tena, na watu walikuwa wamepanda mirungi katikati ya mibuni, wengine mistari michache, wengine shamba zima. Kila mtu alijua ni kosa kuipanda, kuibeba na kuitafuna. Kila mtu alijua pia ni nyumba zipi zilikuwa zimeezekwa bati jipya. Vijana walianza kwa kusaidia kuvuna na kufunga vifungu kwenye majani ya mgomba, mwisho wakawa watafunaji. Unamkuta mtu barabarani shavu limevimba, macho makavu, anaongea bila kituo, na kesho yake unamkuta amekaa penye jua hataki hata kusalimiwa. Ndoa zilivunjika kwa ajili hiyo, na darasa la saba lilipungua.

Afande Zuhura aliletwa kuwa polisi wa kata yetu katika mpango wa polisi jamii. Kabla yake tulikuwa tukiwaona polisi siku ya msako tu, wanapanda na gari asubuhi, wanashuka na watu mchana. Yeye alikuja na begi moja na ndoo, akapangishwa chumba jirani na kwa Mama Elia, akaanza kutembea nyumba kwa nyumba kusalimia. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye kuonewa na baridi. Ndani ya ofisi alijitanda khanga mbili juu ya sare na hakuona aibu. Mkutano wa kijiji ulichagua kamati ya ulinzi shirikishi, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na ukoo pale, wakanifanya katibu. Zamu za doria zilikuwa za wanaume. Kazi yangu mimi ilikuwa barua.

Barua zilikuwa wazo la Afande. Aliagiza fundi atengeneze sanduku la mbao lenye kufuli, likapigiliwa kwenye ukuta wa zahanati, kwa sababu zahanati ndipo mtu yeyote anaweza kwenda bila kuulizwa anafuata nini. Yeyote mwenye jambo aliandika, bila jina, akatumbukiza. Kila Jumatano mchana tulilifungua sisi wawili, tukapeleka karatasi ofisini, chumba chenye meza moja na dirisha lililozibwa kwa boksi, tukazisoma moja moja huku tunakunywa chai ya tangawizi. Sharti lake lilikuwa moja tu: sanduku halifunguliwi na mtu mmoja. Nilidhani ni mambo ya kipolisi. Barua nyingi hazikuhusu mirungi. Mmoja alilalamika kuhusu mbuzi wa jirani, mwingine alitaka Afande amkanye mume wake gongo, na mmoja aliandika kwamba Afande anatembea haraka mno hata wazee wanashindwa kumwamkua. Afande alicheka sana kwa hiyo, na tangu siku ile akawa anatembea polepole. Zile za mirungi nazo zilikuja, chache, fupi, zenye kutaja shamba au mtu. Nilizisoma kwa sauti, nikaziandika kwenye daftari, nikajisikia mtu mkubwa.

Nyumbani kwa Mama Elia nilikuwa na kitanda kwenye chumba cha cherehani, katikati ya vipande vya vitenge na sare za shule zilizokatwa. Maisha yote yalikuwa jikoni, chumba cha udongo kilichojitenga, cheusi kwa moshi, ambamo sufuria ya makande iliinjikwa tangu mchana ikatokota mpaka jioni. Afande alikula nasi. Alileta sukari na mchele akishuka Same, na Mama Elia alimwekea kiti, lakini yeye alipenda kigoda karibu na moto. Wanawake wa jirani waliokuja kuomba kaa la moto walibadilisha lugha walipomkuta, wakaongea Chasu. Alikaa akitafuna makande yake kama hasikii. Baada ya miezi mitatu hivi, mmoja alisema kwa Chasu kwamba huyu polisi amenenepa kwa chakula chetu, naye akamjibu kwa Chasu, polepole, akikosea kidogo, kwamba ni kweli na anashukuru. Jiko zima lilicheka. Tangu hapo wakamwita mwenzetu, na nadhani hapo ndipo kazi yake ilipoanza kweli.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo palikuwa na jambo nililolijua na Afande hakulijua. Nilikuwa nimetumwa siku moja kwenda kukata mkungu wa ndizi kwenye shamba la bondeni, na nyuma ya mibuni niliikuta mirungi, mizuri, imepogolewa, machipukizi yake mekundu yakimeta kwa umande. Lilikuwa shamba la Mama Elia. Mama huyu aliimba kwaya kanisani, alinifundisha kukata kola bila kuchora, na nilipougua malaria alinilalia pembeni siku nne. Nilirudi na ndizi nikanyamaza. Na mwanawe Elia, mtu mzima wa miaka ishirini na sita mwenye pikipiki, ndiye aliyekuwa akiyashusha majani hayo tambarare. Nilimsikia mama yake akimwuliza nyuma ya jiko, siku moja asubuhi, amelala lini. Elia alijibu kwamba atalala akishamaliza mzigo wa Ijumaa. Mama akasema hata Ijumaa iliyopita alisema hivyo. Kisha nikasikia kuni zinapasuliwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mwezi huo huo ilikuja barua iliyomtaja Baba Mbazi, mzee mmoja wa kitongoji cha juu. Niliisoma kwa sauti bila kutetemeka. Niliandika jina lake kwa wino wa bluu, herufi nzuri, nikapiga mstari chini yake. Hakuwa mtu wangu. Wiki iliyofuata polisi walipanda na gari, wakang'oa miti yake, wakashuka naye Same, akashitakiwa, akafungwa. Mke wake, Mama Mbazi, alikuja ofisini kuuliza ni nani aliyeandika. Afande alimweleza kwamba hata sisi hatujui. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari. Leo nikijiuliza ni lini hasa nilikosea, wengi wangesema ni ile Jumatano nitakayoieleza sasa, lakini mimi naona ni hapo, nilipoinama.

Jumatano hiyo Afande aliitwa wilayani ghafla. Aliondoka asubuhi, akaniachia ufunguo, akasema nichukue barua niziweke kwenye droo, tutazisoma pamoja kesho yake. Lilikuwa neno la haraka la mtu anayewahi gari. Zilikuwa tatu. Ningeweza kuziweka bila kuzifungua. Nilizifungua. Ya tatu ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto: Mama Elia ana shamba la mirungi bondeni nyuma ya kahawa. Mwanawe anaishusha kwa pikipiki siku ya Ijumaa. Hajalala siku tatu. Mkamateni kabla hajafa.

Nilikaa kwenye kile chumba mpaka chai ikapoa. Niliona jina la Mama Elia kwenye mwandiko wangu, lina mstari chini. Nilimwona anashuka Same nyuma ya gari, na kile kitambaa chake cha kwaya. Nilijiambia kwamba aliyeandika ni jirani mwenye wivu wa bati. Barua mbili niliziweka kwenye droo. Ya tatu nilirudi nayo nyumbani kifuani, na jikoni, Mama Elia alipotoka kuchota maji, niliisukuma chini ya sufuria ya makande. Ilishika moto mara moja. Kesho yake Afande aliuliza zilikuwa ngapi, nikasema mbili.

Siku zilizofuata Mama Elia alibadilika, na mimi nikadhani anaumwa. Alifua mashuka yote ya nyumba. Alinionyesha mahali anapoficha ufunguo wa banda la kuku na jinsi ya kumkamua mbuzi mkorofi, akasema mtu hujui kesho. Afande alipokuja kula, Mama Elia alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, na kila Afande alipokohoa au kuanza sentensi, aliacha mwiko akamtazama. Afande alizungumzia mvua. Alizungumzia samaki wa kwao na jinsi anavyomkosa mwanawe. Alimaliza sahani, akashukuru, akaenda zake, na Mama Elia akabaki ameshika mwiko. Hivyo hivyo kila siku, kwa wiki mbili na zaidi. Nilikuwa nimekaa katikati yao na kijiko changu, nikifurahi kwamba nimemwokoa.

Ijumaa ya tatu, mapema asubuhi, Elia alishuka na mzigo. Kwenye kona za kuelekea tambarare, pale barabara inapokuwa kokoto tupu, pikipiki ilikwenda moja kwa moja kama barabara haikupinda. Hapakuwa na gari jingine, wala mvua. Alisema baadaye kwamba alilala tu, macho wazi. Mfugaji mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akipeleka ng'ombe kwenye maji alimkuta chini ya mteremko, akamfunga paja kwa shuka lake, akasimamisha lori. Habari zilitufikia saa tano. Mama Elia alikuwa anashona sare. Alisimama, akachomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye kifua cha gauni lake kama afanyavyo siku zote, akaondoka bila viatu. Nilimkimbilia navyo njiani.

Mimi nilikwenda kwa Afande. Sikukaa kwenye kiti. Nilimwambia kwamba barua zilikuwa tatu. Hakupaza sauti. Aliuliza iko wapi, nikasema nimeichoma, akaniambia nimtajie neno kwa neno. Nilipofika "kabla hajafa" niliacha, akangoja mpaka nikamaliza. Khanga ilimwanguka begani, akaiacha.

"Kwa nini, Nakundwa?"

"Nampenda Mama Elia, afande."

"Aliyeandika alimpenda zaidi," alisema. Kisha akanieleza sababu ya lile sharti la watu wawili. Haikuwa kwamba hakuniamini. Alijua kwamba kila mtu ana mtu wake, na kwamba hata yeye, kama angekuwa anafanya kazi hii kwao Pangani, asingefungua sanduku peke yake. Akavuta karatasi, akaanza kuandika taarifa kwa wakubwa wake. Nilisoma juu chini, kutoka upande wa pili wa meza. Hakuanza na mimi. Aliandika kwamba yeye, kinyume cha utaratibu alioweka mwenyewe, aliacha ufunguo kwa mtu mmoja. Kwa taarifa ile alipewa onyo, na jina lake halikuwemo kwenye orodha ya waliopandishwa cheo mwaka ule. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia binti yake pale mlangoni.

Jumatatu nilishuka Same hospitalini. Elia alikuwa amelala, mguu umening'inizwa kwa uzito wa mfuko wa mchanga, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo. Alikuwa analala usingizi wa kweli, mdomo wazi, na wauguzi walisema amelala hivyo tangu alipoletwa. Mama yake alikuwa kwenye kibenchi na bakuli la uji. Nilikuwa nimejiandalia njia nzima maneno ya kusema. Nilimwambia kwamba kulikuwa na barua iliyowataja wao wawili, na kwamba niliichoma jikoni kwake. Alikoroga uji. Niliendelea kuomba msamaha mpaka akaweka bakuli chini.

"Niliiandika mimi," alisema. "Niliiandika kwa mkono wa kushoto."

Nilimtazama nisielewe. Akaeleza bila kunitazama, kana kwamba anazungumzia kitambaa. Elia alikuwa hamsikii tena. Kuing'oa miti peke yake asingeweza, Elia angepigana naye, na kwenda kwa Afande kusema mwanangu mfunge, mdomo ulikataa. Alikwenda mpaka mlangoni kwake mara mbili akarudi. Ndipo akaona aandike, wachukuliwe wote wawili, yeye na Elia, angalau huko ndani mtoto atalala. Kila jioni alivaa gauni zuri ili asichukuliwe na lile la jikoni. Kila jioni alingoja Afande amalize kula na aseme Mama Elia, twende. Alipoona hasemi, alidhani Afande amesoma na ameona haya kwa sababu ya chakula. "Nikajuta kumlisha," alisema. Kisha akachukua bakuli, akasema uji umepoa, nimsaidie kumwamsha Elia.

Hakunifukuza nyumbani kwake. Kwenye mkutano uliofuata, uwanjani pa shule ya msingi, nilisimama nikasema kwamba niliwahi kuficha barua na kwamba sistahili ukatibu. Watu walinung'unika, mzee mmoja akataka kujua ni barua ya nani. Mwenyekiti alikuwa bado anawanyamazisha Mama Elia aliposimama katikati ya kina mama. Alisema ni yake, na shamba ni lake, lipo bondeni nyuma ya kahawa, na anaomba msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuchimba barabara na mifereji, ije imsaidie kung'oa, kwa sababu mizizi imekuwa mikubwa. Kisha mwanamke mwingine akasimama, akasema baada ya hapo waende kwake. Wilaya, kwa maombi ya Afande aliyopanda na kushuka nayo mwezi mzima, ilikubali kutoa muda wa watu kung'oa kwa hiari bila kushitakiwa. Si wote walioing'oa. Wengine walihamia mashamba ya mbali zaidi, na mpaka leo mirungi haijaisha milimani. Lakini kwenye kitongoji chetu iling'olewa, na badala yake wengi wakapanda tangawizi.

Msamaha huo wa wilaya haukumfikia Baba Mbazi. Alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Miti yake na ya Mama Elia ilikuwa sawa, na tofauti ilikuwa mikononi mwangu. Nilikwenda kwa mke wake mchana mmoja, nikamkuta anapalilia peke yake shamba lililokuwa likilimwa na watu wawili. Nilimwamkia, nikamweleza yote, kwamba barua ya mume wake niliisoma na ya mwenye nyumba wangu niliichoma. Mama Mbazi alisikiliza ameegemea mpini. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza kama najua kulima. Nikasema najua. Akasema jembe la mume wake liko nyuma ya mlango.

Nililima pale siku tatu kila wiki, hadi msimu ukaisha, na msimu mwingine. Hatukuzungumza sana. Alinipa chai na viazi vitamu, tukala tumegeuzia mgongo upepo. Afande alihamishwa mwishoni mwa mwaka, na siku ya kuondoka alipita pale shambani na begi lake na ndoo, akaushika mkono wangu wenye udongo kwa mikono yake yote miwili, akateremka. Miezi michache baadaye, nikiwa nimepiga magoti naotesha tangawizi, niliona miguu ya mwanamume mwisho wa tuta. Alikuwa Baba Mbazi, amekonda, amevaa koti lililokuwa likimtosha zamani. Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua kwamba amekwisha kumwambia mimi ni nani.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alitazama mistari, akainama, akafukua mbegu moja niliyokuwa nimeipanda, akaigeuza jicho la kuchipua likatazama juu, akaifukia tena.

"Marahaba," alisema. "Unaziweka kichwa chini."

Akavua koti, akaenda mwisho wa pili wa tuta, akaanza kuja upande wangu.